Theluji kwa Tiketi ya Treni

Wanaodai safari za masomo hazina faida hawajafika Alaska. Mbio za Iditarod zimekuwa zikimteua mwalimu wa kufuatana na mbwa wavuta sleji kutoka Anchorage hadi Nome, yapata kilomita 1,600, akiwaandalia wanafunzi masomo njiani. Na masomo yapo! Machi 2016 Anchorage ilikosa theluji ya kutosha kwa sherehe za ufunguzi, nyingine ikaletwa kwa treni kutoka Fairbanks. Wenye midomo wataita huko kupeleka karafuu Pemba. Mimi naona hesabu safi: mabehewa, kilomita zaidi ya 500, dizeli. (Swali la dizeli lirukwe, halimo kwenye mtihani.)

Mbwa nao wanatunzwa: hupimwa moyo na damu kabla ya mbio, huvishwa viatu vya kitambaa, na kupumzika saa 24 mfululizo ni sharti. Mwalimu mwenye rundo la madaftari asione wivu. Kwani yeye anakokota nini?

Mwaka 2017, na tena 2025, waandaaji walizidisha utu: mwanzo rasmi wa mbio wakauhamishia Fairbanks kwenyewe, theluji isichoshwe na safari.