Shangazi wa Milimani: Bahari Imechafuka, Pasipoti Imekwama

Barua za mwezi huu zimenifikia zimelowa, na karibu zote zinasimulia kisa kimoja: mtu alikuwa anakwenda kisiwani akajikuta Lushoto. Huyu kazuiwa na upepo, yule kazuiwa na karatasi, na wapo waliozuiwa na vyote viwili. Mimi niliyezaliwa Soni, ambako maporomoko ya maji hupiga kelele kuliko majirani, sioni ajabu. Pwani ikimkataa mtu, humpandisha milimani kupitia Mombo. Wajerumani waliochoshwa na joto na homa za Tanga walipanda hivyo hivyo, wakauita mji wa Lushoto Wilhelmstal kumpa heshima mfalme wao, wakaota moto na kulima kabichi. Tuzisome barua.

*Shangazi, shikamoo. Nina nyumba ya wageni karibu na Irente. Wamenijia vijana wawili kutoka Ulaya, mume na mke au wachumba, sikuuliza, kila mmoja na shanta lililomzidi kimo. Walikuwa waende Unguja, boti zikasitishwa. Hapa nako mvua haijakatika tangu wafike. Kule kwenye jabali la kupigia picha hawaoni kitu, ukungu mtupu. Sasa wanataka niwapunguzie bei kwa kuwa tangazo langu limeandikwa "mandhari". Viza nayo wananilaumu mimi, wakati sikuwauzia. Nifanyeje?*
*Mwenye Nyumba Asiyetengeneza Mvua, Irente*

Marahaba, ndugu yangu. Tuanze na mvua, maana hapo wageni wako wana hoja kuliko wanavyojua. Zamani katika milima hii ya Usambara mvua ilikuwa na mwenyewe. Wafalme wa ukoo wa Kikilindi waliokaa Vuga walipokea kodi, na watu waliamini kwamba mvua imo mkononi mwao. Ikinyesha vizuri, mfalme kaiponya nchi. Ikigoma, watu walijua mlango wa kubisha. Mmoja wao, Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, angeletewa shauri hili asione kuwa ni utovu wa adabu. Lakini wewe hukupokea mbuzi wala vibarua wa kukulimia shamba. Ulipokea pesa ya chumba na chai ya asubuhi. Kwa hiyo mvua haikuhusu.

Mandhari yanakuhusu, kwa kuwa uliyaandika. Anga likiwa safi, mtu akisimama Irente huiona Mazinde chini ya miguu yake, karibu mita elfu moja kwenda chini, na nyika ikitandazwa mpaka macho yachoke. Mwezi wa tano hayo yote yapo, yamefunikwa tu. Masika huanza Machi na kuishia Mei, na tangu nipate akili sijayaona yakiomba ruhusa ya kuhama miezi. Kwenye tangazo ongeza maneno mawili: "ukungu ukiruhusu". Bei usishushe. Ongeza kuni, ongeza blanketi, na maharage ya jioni yawe mengi.

Sasa viza. Nahisi walinunua ile viza ya pamoja ya watalii wa Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 2014, dola 100. Jina lake limewaponza watu wazima na akili zao. Inafaa Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania, ambayo iko Afrika Mashariki hata ukiishika ramani juu chini, haimo. Kwa hiyo mpakani walilipa tena, dola 50 kama ilivyo kwa wengi wa Ulaya (Mmarekani hutozwa 100). Kisha wakasikia kwamba tangu Oktoba 1, 2024 mgeni kutoka nje anayekwenda Zanzibar anatakiwa kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama kwao ana bima tatu. Wakainunua. Yaani wana bima ya kisiwa ambacho hawajakikanyaga. Hapo hata mimi ningenuna. Lakini kila moja ya habari hizi iliandikwa mahali kabla hawajafunga mashanta, kama masika yalivyoandikwa kwenye kalenda.

Kuhusu boti kusitishwa, mtu asinung'unike mbele yangu. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, siku ya upepo mkali. Watu wetu wengi hawakurudi. Nahodha akisema leo hatoki, mshukuru, ukanywe kahawa.

Halafu waambie wageni wako kwamba kisiwani wameshafika. Waulize wataalamu wa misitu. Milima hii ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita kule Kenya na kushuka hadi Udzungwa, kila mmoja una msitu wa mawingu uliozungukwa na nyika kavu, na viumbe vyake vimekaa peke yao muda mrefu mno hata vikawa vya pekee. Wapo vinyonga wa Usambara usiowakuta popote pengine. Lipo ua dogo la zambarau ambalo Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao mnamo 1892, na leo mabibi wa Ulaya wanalimwagilia madirishani bila kujua Usambara iko upande gani wa dunia. Wapeleke msitu wa Magamba na mwavuli. Na jiwe likiporomoka barabarani kati ya Mombo na Soni, jambo ambalo msimu huu si la kubuni, watakuwa kisiwani kwa maana zote.

*Shangazi, twakuamkia kutoka Mombasa. Sisi ni marafiki watano, tulichanga pesa twende Pemba kupitia Tanga. Kufika mpakani, mwenzetu mmoja hana pasipoti, ana kitambulisho tu, kwa kuwa Uganda alikwenda nacho na hakuulizwa. Akarudishwa. Sisi wanne tukaendelea. Tanga tukaambiwa bahari ni chafu, tukapanda huku Lushoto, na twala mapeasi. Sasa mwenzetu ameziona picha, amekasirika, adai mchango wake. Pemba yenyewe hatukufika! Twamrudishia?*
*Wanne Tuliobaki*

Karibuni Shambalai, nchi ya Washambaa, wanangu, na huyo wa tano mfikishieni salamu. Alivuka mpaka wa Uganda pale Malaba au Busia kwa kitambulisho kwa sababu Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana hivyo kuanzia mwaka 2014. Tanzania haikuingia katika makubaliano hayo. Mkenya hahitaji viza kuja kwetu, ila anahitaji pasipoti au hati nyingine ya kusafiria, na afisa pale Horohoro hakumbagua mwenzenu, alimsomea tu kilichoandikwa. Waswahili wa pande mbili za mpaka huo wanaoana, wanazikana, wanakopeshana sukari, na hadi leo mstari wa Lunga Lunga unawataka kijitabu. Nina maneno yangu juu ya mstari huo, ila si ya safu hii.

Pesa mrudishieni. Mlichanga kwa ajili ya Pemba, na Pemba hakuna aliyeiona. Mchango wa safari isiyofanyika ni wa mwenyewe. Hayo mapeasi mnayoyala ni safari mpya, na yeye hakushirikishwa. Kateni nauli yake ya kutoka Mombasa hadi mpakani tu, kwa sababu hiyo aliitumia, na kwa kilometa zote hizo hakuna hata mmoja kati yenu aliyemuuliza, "Pasipoti umechukua?" Watano mko garini na mnazungumza mpira! Picha zilizobaki msizipandishe mpaka mmemlipa. Na mmbebee maplamsi, mkiyafunga vizuri yatafika.

*Shangazi, mume wangu hupeleka kabichi na viazi mpaka Unguja. Safari hii ameniambia boti zimesitishwa kwa upepo, harudi. Sasa ni wiki ya pili. Jirani yangu ana kaka yake Unguja, anasema boti zinakwenda na kurudi kama kawaida. Nimwamini nani?*
*Mke wa Mfanyabiashara, Soni*

Mwanangu, amini Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tahadhari zao za upepo mkali na mawimbi makubwa hutolewa kwa tarehe na kwa mkoa, na redio huzisoma. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimama kweli, na nchi nzima ilisikia. Hakuna mke aliyehitaji jirani. Kusi kali linaweza kuzuia boti siku moja, siku mbili. Wiki mbili bila taarifa yoyote ni upepo wa nyumba moja. Mpigie simu, usigombane, muulize kabichi zimeuzwa bei gani na pesa iko wapi. Akianza kueleza mawimbi, andaa nauli.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwongoza watalii. Kwa miaka mingi nimewapeleka wageni kwa miguu kutoka Lushoto kupita Magamba na Lukozi, tukilala Rangwi kwa masista, hadi Mtae. Mgeni mmoja akawa rafiki wa kweli. Akanialika kwao, kisiwa kimoja cha Bahari ya Kaskazini, nikatembee kwa mwezi mmoja na mimi nibebe shanta langu badala ya la mtu. Nilipeleka kila kitu: barua ya mwaliko, taarifa za benki, bima, leseni yangu, hati ya shamba la baba, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto. Nililipa ada. Jibu likaja kwamba kuna shaka kama nitaondoka huko muda ukiisha. Nimekosea wapi? Watu wanasema Shangazi una dawa.*
*Aliyesoma Maelekezo Yote, Lushoto*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikairudia. Wale wa juu nimewatania kwa sababu yaliyowapata yaliandikwa wazi nao hawakusoma. Wewe ulisoma. Ada ya viza ya Schengen tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima, ukikataliwa hairudi. Bima wanataka isiyopungua yuro 30,000 za matibabu, ukanunua. Hukukosea popote, na ndiyo maana dawa sina.

Wana shaka kama utarudi! Mtu ambaye kazi yake yote ni kurudisha watu. Umewaingiza wageni msituni wakati wa ukungu, na hakuna hata mmoja uliyemwacha Magamba.

Ninachojua ni kwamba milima hii haijawahi kumuuliza mtu taarifa za benki. Mbegha alifukuzwa kwao Ngulu kwa sababu ya meno yaliyoanza kuota juu, akaja huku na mbwa wake na nyama ya nguruwe mwitu, na Washambaa wakamfanya mfalme. Haya yamo katika *Habari za Wakilindi* za Abdallah bin Hemedi, kasome. Johann Ludwig Krapf alifika kwa Kimweri mwaka 1848 akitaka mahali pa kuweka misheni, akapokewa na kulishwa. Wajerumani waliokuja baadaye kutawala hawakuomba kitu. Mwaka 1895 walimnyonga mtawala wa Kikilindi, Mputa mwana wa Semboja, wakapima mashamba, na walipomaliza hawakuonyesha dalili yoyote ya kuondoka muda wao ulipoisha. Walitolewa na vita mwaka 1916. Ukiutazama ukoo wa wageni wa Lushoto, shaka juu ya kurudi kwao ina historia upande mmoja tu.

Lakini historia haigongwi muhuri, kwa hiyo fanya haya. Fomu ya kukataliwa inaeleza namna ya kukata rufaa na siku ulizo nazo, na siku hizo zinahesabika tangu ulipoipokea, si tangu ulipopona hasira. Andika kwa utulivu. Taja mikataba ya kazi uliyonayo kwa msimu unaofuata, maana shamba la baba linasema unapotoka, na mkataba wa Julai unasema utakuwa wapi Julai. Rafiki yako naye aandike, aseme atagharimia nini. Na akija mtu pale stendi akakwambia ana njia yake ya ubalozini kwa laki kadhaa, mwangalie viatu, muulize yeye ameshafika wapi.

Wakati unangoja, mwambie rafiki aje yeye. Aje Januari, masika bado. Fomu yake ataijazia kitandani kwenye simu, atalipa dola 50, na hakuna atakayemuuliza ana shamba gani kwao la kumrudisha. Zanzibar akitaka kwenda, akumbuke zile 44. Mpokee Mombo, mpandishe, mpeleke mpaka Mtae, mkalie jabali la huko mkitazama nyika ya Mkomazi. Shanta lake abebe mwenyewe safari hii. Na bei, mwanangu, mtoze ya mgeni.