Q Bila U

Nyumbani kwetu Mombasa, anayejua Kiingereza kuliko wote ndiye anayeshindwa kuliko wote. Mtu huyo ni mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, ambaye hata akikanyaga msumari hulalama kwa sentensi iliyokamilika. Anayemshinda ni shangazi yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye Kiingereza chake hakitoshi kununulia kiberiti.

Uwanja wa vita ni Scrabble, mchezo wa kuchota vipande saba vya herufi mfukoni na kutafuta neno la Kiingereza lililojificha ndani yake. Tunaucheza usiku, hasa Ramadhani baada ya tarawehi, wakati matumbo yamejaa na akili zimesinzia.

Aliyetuletea balaa hili ni Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi uchumi ulipoporomoka miaka ya 1930. Badala ya kukaa barazani kama wenzake, alikaa na magazeti akihesabu kila herufi inajitokeza mara ngapi. Ndiyo maana E ina vipande 12, A vipande 9, na Q kimoja tu chenye pointi 10. Magazeti hayo hayakuwa ya Kiswahili, maana K nayo aliipa kipande kimoja. Kwa watu wasioweza kumwita kaka wala kufukuza kuku bila K mbili, huo ni ukame.

Hata hicho kimoja chetu kilipotea. Mtoto mmoja alishukiwa kukimeza, akafuatiliwa kwa njia ambayo haifai kusimuliwa wakati watu wanakula. Kipande hakikutoka. Tukaweka kifungo cha kanzu mahali pake, na tangu hapo kila atiaye mkono mfukoni hukaa humo muda mrefu akipapasa kifungo. Z nayo ina doa jekundu la mabuyu ambalo halijatoka kwa sabuni yoyote, kwa hiyo hapa kwetu bahati inaonekana kwa macho na kushikika kwa vidole.

Kisha kuna binamu yangu. Kila zamu yake ilipokaribia alikwenda chooni. Shangazi alimwonea huruma, akampikia uji wa mchele, akamkataza pilipili. Tukaja kugundua kwamba tumbo lake ni zima kabisa. Mgonjwa ilikuwa simu. Alikuwa na programu ambayo ukiitilia herufi zako hukutolea kila neno linalowezekana. Alipobanwa alijitetea kitaalamu. Herufi saba tofauti, alisema, zina mipangilio 5,040, na mtu aliyekula sambusa hawezi kuijaribu yote. Simu haijisumbui hivyo. Hupanga herufi zako kwa mfuatano wa alfabeti, kisha hutafuta maneno ambayo nayo yakipangwa hivyo hufanana. EILNST, kwa mfano, ni kufuli moja la LISTEN, SILENT, ENLIST na TINSEL. Tulimsikiliza kwa makini, tukamnyang'anya simu, tukaifanya kamusi ya nyumba.

Hapo ndipo msiba wa mjomba ulipoanzia. Yeye amefundishwa, naye amewafundisha wengine, kwamba Q haitoki nje bila U, kama bibi harusi asiyetoka bila somo wake. Na U ziko nne tu kwenye mfuko. Akipata Q huiweka kando na kuisubirisha mpaka mchezo unakwisha. Shangazi hakufundishwa hayo. Alipopata Q yake ya kwanza aliweka TALAQ.

"Dada," mjomba alisema kwa upole wa darasani, "hilo ni la Kiarabu. Liondoe."

"Si mlisema Q? Q hiyo hapo, Mwalimu."

Simu iliulizwa. Orodha ya Collins, inayotumika kwenye mashindano ya dunia, ikalikubali. Shangazi hakushangilia. Aliuliza tu kama mengine ya namna hiyo yamo. Yamo. QADI limo, QIBLA limo, na WAQF limo, lenye pointi 19 hata kabla ya kuzidishwa. Kadhi, kibla na wakfu amekuwa nayo mdomoni tangu utotoni; aliyarudishia tu sura zao za zamani. Hata mirungi wanayotafuna vijana pale kona imo, kwa jina la QAT.

Ili kumfariji mjomba nilimweleza habari za Nigel Richards wa New Zealand, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa, kisha mwaka 2024 akatwaa ule wa Kihispania kwa mtindo huohuo. Alihifadhi maneno, basi. Mjomba alichukia zaidi. Shangazi hakuona ajabu yoyote: watoto wake chuoni huhifadhi kwanza, maana hufuata baadaye. Ukweli ni kwamba mchezo huu haukuulizi neno maana yake nini. Unakuuliza limo au halimo. Mjomba huweka maneno mazuri, yenye historia, ambayo angeweza kuyatungia insha, akapata pointi saba.

Kilichomvunja kabisa ni MZEES. Orodha inalikubali, pamoja na hiyo S ya mwisho.

"Wingi wa mzee ni wazee!" alinguruma, mwalimu wa Kiingereza akikitetea Kiswahili mpaka majirani wakawasha taa.

"Nimekuwekea kwa heshima yako, Mwalimu," shangazi akajibu, akijumlisha pointi zake.

Siku hizi mjomba anahudhuria darasa la Kiarabu msikitini baada ya alasiri, na daftari kubwa kwapani. Imamu amefurahi mno, humtolea mfano kwa vijana wavivu. Kinachomtatiza ni kimoja tu: mwanafunzi wake huyu mwenye bidii haandiki kitu darasani mpaka asikie neno lenye qaf, na akiliandika huuliza kwanza, kabla ya maana yake, lina herufi ngapi.