Jinsi ya Kuichakaza DNA Yako Bila Kutoka Longonot

Kazi hii haihitaji maabara. Mkazi wa Longonot mwenye bidii ana malighafi yote karibu, kati ya meko yake na barabara ya Mai Mahiu kwenda Naivasha.

Kwanza ujue unachokiharibu. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, zikishikanishwa na herufi nne: A hukaa na T, G hukaa na C. Mlenge G, yaani guanini, kwa kuwa ndiye mwepesi wa kuchokozeka kuliko wenzake.

Anza na moshi. Pika kwa kuni mbichi ndani ya chumba kimoja, dirisha umelisokomezea gunia lisipitishe baridi, na mtoto awe mgongoni asije akakosa fungu lake. Kama kuni zimepanda bei, simama kando ya lami wakati trela za kwenda Malaba zinapita. Ukiagiza choma, mwambie mchomaji asiiharakishe. Mafuta yadondokee makaa, moshi uirudie nyama hadi iwe nyeusi.

Humo mote mna benzopirini. Yenyewe ni dhaifu, imekaa tu, haina haja na DNA. Usivunjike moyo: mwili wako utaifundisha kazi. Kwa kuwa haiyeyuki majini, ini na mapafu huiongezea oksijeni ili ipate kutolewa nje. Katika usafishaji huohuo huzaliwa kitu chenye uchu kinachomrukia G na kumganda. Uzi unapinda. Seli ikija kujinakili hapo inababaika, inaandika A mahali pa C, na nakala inayofuata G amegeuka T. Mwaka 1775 Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, aliandika kuhusu saratani ya pumbu kwa wafagiaji wa mabomba ya moshi. Hao walianza utotoni, ndiyo maana walifaulu.

Mahindi nayo yasikupite. Yavune yakiwa na unyevu, yarundike sakafuni, na yakiota ukungu usiyatupe: yachanganye na mazuri, upeleke poshomili. Moto wa sufuria hauiwezi aflatoksini, sumu ya ukungu huo. Ini litairudia hila ileile ya oksijeni, na mgeni atajipenyeza katikati ya herufi kumtafuta G. Ila usizidishe. Mwaka 2004, hasa Ukambani, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo na 125 wakafa, ini likiwa limeharibika kwa ghafla, kabla DNA haijapata hata nafasi ya kuchakaa taratibu.

Wenye umri watakumbuka methili bromidi, gesi iliyokuwa ikifukiziwa udongo wa mashamba ya maua kabla ya kupanda. Hiyo haikungoja ini: kwa panya wa maabara ilionekana ikibandika methili kwenye DNA moja kwa moja. G aliyebandikwa mahali pabaya humsahau C akakaa na T. Tena gesi hiyohiyo ilitafuna ozoni, jua likapata njia ya kuunganisha T wawili waliokaa jirani. Dawa moja, kazi mbili! Itifaki ya Montreal ya kulinda ozoni ikatuharibia. Kwa nchi zinazoendelea matumizi ya kawaida yalipangiwa kukoma mwaka 2015. Siku hizi imebaki kupanda Mlima Longonot saa sita mchana bila kofia, mita 2,776 juu ya bahari.

Sasa kikwazo. Seli ina mafundi wasiolala. Tomas Lindahl, aliyegawana Nobeli ya kemia ya 2015 na Paul Modrich na Aziz Sancar, alionyesha kwamba DNA huoza yenyewe kila siku, na kama isingekuwa mafundi hao tusingekuwapo. Mmoja wao humvua G ile methili, akaibeba yeye, na kazi yake ikaishia hapo. Kila methili inagharimu fundi mzima. Kwa mafundi kama hao, siku moja ya moshi haitoshi. Washa kila asubuhi na kila jioni, miaka nenda miaka rudi, hadi dosari moja iwaponyoke na iangukie jeni linalozuia seli kuzaana ovyo.

Na akija mtu kukushauri utoboe dohani, uanike mahindi juu ya turubai hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, au ukwangue nyama iliyoungua, mfukuze. Huyo anakuja kukuharibia kazi ya miaka.