Injini ya Toyota, Giaboksi ya Land Rover

Jumatatu
Injini imevuka Mto Pangani kwa kivuko na kufika Mkwaja juu ya lori lililokuja kubeba nazi. Ni Toyota 3L, dizeli, cc 2,779. Inaingia kwenye Land Rover 109 ambayo wazee wanasema ilitoka ranchi ya Mkwaja, ile iliyofungwa mwaka 2000. Jirani ameuliza kama ni pampu ya maji. Nimemwambia ni injini ya gari. Amesema hata pampu ingetufaa.

Jumanne
Matundu ya belhauzi ya Land Rover na ya kitako cha injini ya Toyota hayakutani hata moja. Inatakiwa pleti ya chuma kati yake. Fundi amebandika boksi la sabuni kwenye kitako cha injini, akaligonga kwa nyundo ndogo kufuata kingo za matundu mpaka likatoboka. Ramani safi. Tumekwenda kuswali adhuhuri. Mbuzi amekula upande wa starta.

Jumatano
Ramani imechorwa upya na imehifadhiwa juu ya kabati. Klachi ya Land Rover, inchi 9.5, itafungwa kwenye flaiwili ya Toyota, hivyo flaiwili ya zamani inahitajika ili matundu yake yahamishwe. Uvunguni haipo. Shemeji amesema mjomba aliichukua, anaifanya nanga. Mjomba yuko baharini. Nanga pia.

Alhamisi
Mjomba amerudi. Flaiwili ina kutu na mwani, na analalamika kwamba haishiki mchanga. Nimemwonesha meno ya starta yaliyoizunguka pande zote. Amesema ameyaona, ni mafupi. Tumeisugua kwa brashi ya waya mpaka magharibi.

Ijumaa
Tanga mjini, kwa mchonga vyuma. Kivukoni tumemsubiri ng'ombe aliyekataa kupanda. Amebaki Bweni, mwenyewe amevuka.
Mchongaji amehesabu meno ya shafti ya giaboksi: 10. Klachi pleti ya Toyota ina 21. Kwa hiyo pleti ni ya Land Rover, flaiwili ya Toyota ipanuliwe uso, na bushi ya pailoti ichongwe mpya: nje ikae kwenye krenki ya Toyota, ndani ipokee ncha ya shafti ya Land Rover. Umeme umekatika bushi ikiwa na nje tu. Ndani imepatikana baada ya isha.

Jumamosi
Kurudi. Konda ameitoza flaiwili nauli ya mtoto. Njiani mama mmoja amekaa juu yake, naye akatozwa nauli ya mtu mzima. Nimeuliza kama yangu inarudi. Konda ametazama baharini.

Jumapili
Pleti iliyochongwa kwa ramani imefungwa. Fundi amekaza waya mgumu kwenye flaiwili, ncha ikielekea ukingo wa tundu kubwa la pleti, tukaizungusha krenki kwa mkono. Juu waya unagusa. Chini unapita wembe.
"Inatosha, mwanangu," amesema jirani. "Wembe ni kitu gani?"
"Shikamoo mzee. Shafti ikikaa upande inakula bushi, kisha inakula klachi pleti."
"Na wewe unakula saa ngapi?"
Bolti zimelegezwa, pleti imegongwa kidogo kidogo mpaka waya ukapita sawa pande zote, kisha yakatobolewa matundu ya pini za kuishikilia isihame tena.
Kijiti cha kulengeshea klachi pleti kimechongwa kutoka mpini wa mwiko. Giaboksi imeingia bila kusukumwa na vijana, ambao walikuwa wamekuja kusukuma na wameondoka wamenuna. Ugali umesongwa kwa kipande cha ubao wa mtumbwi. Shemeji hajasema neno tangu hapo.

Jumatatu
Injini imewaka. Klachi inashika, inaachia, haingurumi wala haitetemeki. Flaiwili ya dizeli ni nzito kuliko ile ya petroli, na hilo limeonekana mchangani: nimeachia klachi polepole bila kukanyaga mafuta, gari likaondoka bila kuzima. Limefika mpaka barabara ya Pangani. Huko tumepitwa na bodaboda yenye tenga la samaki, kisha na nyingine isiyo na kitu.
Mjomba ameikagua kazi yote, akaagiza flaiwili ya zamani iongezwe meno mawili marefu. Fundi amempa bei. Mjomba amesema atalipa kwa samaki. Fundi amesema sawa, ila changu, si dagaa. Wamekaa chini kujadiliana.