Ngamia wa Barabara ya Waiyaki

Kwa miaka mingi wanyama wa Kikuyu, Kinoo, Uthiru na Kangemi walishuka mjini kwa mgongo wa Nyati. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa tayari steji, ananguruma, na Kunguru makanga anarukaruka juu ya pembe zake akiita, "Tao! Tao! Wawili wa mwisho!" Nyati hakuwa mnyama mbaya, na nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Jasho lake lilisomesha watoto wengi. Lakini kinywaji chake kilikuwa dizeli, iliyoletwa kwa meli mpaka Mombasa na kupandishwa bara kwa bomba, na kila alipokaza misuli kupanda kutoka Westlands alitoa moshi mzito ulioshukia wale wasio na nauli, wanaokwenda kwa miguu.

Aliyeujua moshi huo kuliko wote ni Mama Kobe, muuza sukuma wiki wa Kangemi. Asubuhi moja alipitisha kidole juu ya jani bichi, kikatoka cheusi. Akalisuuza ndani ya karai. Maji yakageuka kijivu. Basi akafungua mafungu yote aliyokuwa ameshayafunga kwa kamba, akaosha jani moja moja, mbele na nyuma, na wateja wa mapema wakampita kwa kuwa hakuwa tayari. Siku hiyo alirudi nyumbani na nusu ya mzigo, na kikohozi.

Mwezi Machi 2022 akaja Ngamia.

Msomaji wa Nairobi anajua ninayemsema. Ndio mwezi ambao kampuni ya BasiGo ilianza majaribio jijini kwa mabasi mawili ya stima, yenye viti 25 kila moja, ambayo yakishachajiwa yanakwenda kilomita 250 hivi. Ngamia wa hekaya hii naye ndivyo alivyo: hunywa usiku, akajaza nundu, kisha akatembea mchana kutwa bila kuomba tone. Na maji anayokunywa si ya meli. Sehemu kubwa inatoka Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha stima tangu 1981.

Wazee wakaitisha baraza chini ya mugumo, Uthiru. Waliomwamini Nyati walikuwa na neno moja tu: "Afungwe gari la vitunguu huko Naivasha, alikokote mwinuko wa Mai Mahiu hadi huku juu. Akifika, tutamkubali."

Akafungwa. Mwanzoni watu walishika vinywa. Nyati, ili aanze kuvuta, lazima kwanza angurume mpaka nguvu zipande. Ngamia alikaza shingo mara moja tu, gari likaondoka papo hapo, hata kitunguu kimoja hakikudondoka. Kwa nguvu alimshinda. Lakini mzigo mzito hunywa nundu karibu mara mbili ya kawaida, na mwinuko ule hauna huruma. Kabla ya Rironi nundu ililegea, Ngamia akapiga magoti kando ya barabara. Hapakuwa na kisima. Maji ya Olkaria yenyewe yalikuwa yakipita juu ya kichwa chake kwa nyaya, yakikimbilia mjini, naye hakuwa na pa kuyatekea. Nyati akampita akikokota gari lake mwenyewe, akikohoa.

"Mmeona!" wakapiga kelele kule barazani.

Mama Kobe akaomba nafasi. Alisubiri hadi kelele zikaisha, maana sauti yake ni ndogo.

"Nimeona," alisema. "Lakini niambieni, wazee wangu, katika sisi tuliokaa hapa, ni nani aliyekwenda kazini jana akikokota vitunguu kutoka Naivasha? Wanangu hutoka Kikuyu wakaenda mjini, jioni wakarudi. Kilomita 20 hivi kwenda, 20 kurudi. Ngamia akienda na kurudi mara tano kwa siku ni 200, na nundu bado ina akiba. Mnampima kwa safari ya siku moja katika mwaka, huku safari ya kila siku mkiisahau."

Hakuna aliyejibu. Aliendelea kuwasimulia aliyoyaona akiwa pale chini, usawa wa magurudumu. Msongamano ukikaza Westlands, Nyati huendelea kunywa akiwa amesimama. Ngamia husimama tu. Akiteremka kutoka Kikuyu na abiria, Nyati huchoma kwato zake akijizuia, lakini Ngamia, uzito uleule unaomsukuma humrudishia maji kidogo kwenye nundu. Njia yetu imeinama kuelekea mjini, zaidi ya mita 200 za mteremko. Sioni kwa nini zawadi hiyo ya ardhi iishie kwenye breki.

Ila siwezi kusimulia hekaya hii kana kwamba Ngamia hana shida zaidi ya gari la vitunguu. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, visima vyote vilikauka kwa pamoja. Nchi karibu nzima ikalala gizani. Ngamia waliokuwa wameshakunywa kabla ya saa tatu walitembea kesho yake. Aliyekawia kwenye foleni alibaki amelala, na nundu yake imenywea. Wafuasi wa Nyati wakasema, hilo ndilo tulilowaonya. Wiki tatu baadaye, tarehe 15 Septemba, dizeli ikavuka shilingi 200 kwa lita, bei ambayo haikuwa imewahi kuonekana, na Nyati naye akasimama mbele ya pampu akihesabu sarafu. Ndani ya wiki tatu kila mmoja alionja kiu ya mwenzake. Nyati alipomkuta Ngamia steji, kwa mara ya kwanza hakumwita mgeni. Alisema, "Kijana, umekunywa?" Naye akajibu, "Nimekunywa, Mzee. Na wewe?"

Tangu hapo baraza lilibadilika. Wakakubaliana Nyati aendelee na mwinuko wa Mai Mahiu hadi visima vichimbwe njia nzima, na akifika Limuru afunguliwe kamba, Ngamia aipokee ateremke nayo mjini. Mimi nawaunga mkono.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko hayo, nalo Mama Kobe ndiye aliyelitaja. Visima vilivyochimbwa vilikuwa ndani ya kuta, penye lango na mlinzi. Mwenye Ngamia hulipia maji kwa kila kilomita anayotembea, na bei hupangwa na mwenye kisima. Leo bei ni nafuu kuliko dizeli; kesho je? Na kwa nini hakuna hata kisima kimoja Kangemi, mahali ambapo moshi umekaa miaka yote?

"Tuwe na subira," mzee mmoja alisema.

Mama Kobe hakubishana naye. Jioni alikwenda kwenye kiwanja kitupu nyuma ya soko, akapima kwa hatua zake, ambazo ni fupi na haziongopi, akapanga mawe manne kwenye pembe. Akawaambia kina mama wa chama chake kwamba kisima kitakaa hapa, na ufunguo utakaa kwao.

Alfajiri iliyofuata alikuwa akifunga mafungu ya sukuma kivuli kilipoangukia karai. Hakuwa amesikia hatua yoyote. Akashtuka, kichwa kikaingia gambani.

"Mwanangu, utatukanyaga sisi tunaotembea! Siku nyingine piga hodi."

"Hodi, Mama," akasema Ngamia.

"Karibu."

Akainamisha shingo yake ndefu, akanusa mawe yale manne, moja baada ya jingine.