Sifa za Mchanga wa Msimbati

Mwaka 1511 Erasmus wa Rotterdam alichapisha kitabu kizima cha kuusifu upumbavu, na watu wakakinunua. Si ajabu basi mtu akiusifu mchanga, tena si ule wa ufukweni wanaopigia picha maharusi, bali wa njiani: mkavu, laini kama unga wa muhogo, unaoziba njia za ndani kusini mwa mji wa Mtwara, kuanzia Madimba kuteremkia Msimbati na Ruvula, na kwenye vijia vinavyokatiza mikorosho kuelekea Mto Ruvuma. Mwendesha baiskeli anauchukia kuliko kilima. Kilima walau humwonyesha mtu kileleni ni wapi. Mchanga hauagi wala haupigi hodi. Tairi la mbele linazama, usukani unageuka wenyewe, mguu unagusa chini, na aliyekuwa akipiga pedali kwa mbwembwe anajikuta amesimama katikati ya njia huku kuku wakimtazama. Pamoja na hayo yote, hakuna kiongozi wa msafara wa baiskeli anayeufikia mchanga huu kwa ubora, na wanaouza likizo za namna hiyo huko ng'ambo wanatoza fedha nyingi kwa kitu ambacho Msimbati hugawa bure.

Tuitazame kwanza biashara yenyewe. Kampuni ya Backroads ya California ilianza mwaka 1979, na leo zinazofanana nayo ni nyingi. Watu kumi au kumi na watano wasiojuana hukutana hotelini, hupewa baiskeli na kofia ngumu, hukabidhiwa kwa kiongozi, kisha huzungushwa wiki nzima vijijini Ufaransa au Italia kwenye njia ambazo malori hayapiti. Mabegi yao hutangulia kwa gari. Gari jingine hufuata nyuma kuokota waliochoka, desturi ambayo mashindano ya Tour de France yaliianza mwaka 1910. Kinachouzwa, ukisoma vipeperushi vyao, ni mambo matatu: kwenda polepole, kuwa pamoja, na kukutana na wenyeji. Lakini lami nzuri na gia ishirini na nne huyaharibu yote matatu. Mwenye mapafu yuko mbele kilomita tano, mnyonge yuko garini anakunywa soda, na mwenyeji amepungiwa mkono na mtu ambaye ameshapita kabla yeye hajainua wake.

Mchanga hauruhusu upuuzi huo. Mwenye baiskeli ya mamilioni na mwenye Phoenix yenye kutu huteremka mahali palepale, na pengine wa mamilioni ndiye hutangulia, maana matairi yake ni membamba na upepo wameujaza hadi mwisho. Kuanzia hapo ni kukokota. Kukokota nako kuna wenyewe. Mtazame mchuuzi wa samaki anayetoka Msimbati kwenda mjini: mkono mmoja umeshika usukani, mwingine uko nyuma kwenye tenga lililofungwa kwa mipira juu ya keria, mwili umeinama kidogo ili uzito usukume badala ya misuli, na macho yanatafuta ukingo wa njia, penye majani na mizizi iliyoshikilia udongo. Mgeni huvuta usukani kwa mikono yote miwili na kushangaa gurudumu la nyuma linajichimbia kaburi. Baada ya nusu saa anaanza kumwiga mchuuzi bila kufundishwa na mtu. Hakuna kiongozi mwenye cheti aliyewahi kutoa somo likaeleweka upesi namna hiyo.

Halafu kuna salamu. Pwani hii anayepita mbio kwa baiskeli husamehewa. Akina babu waliokaa barazani watasema tu kwamba ana haraka zake. Anayekokota hana udhuru. Anakwenda mwendo wa mtu wa miguu, kwa hiyo anadaiwa adabu ya mtu wa miguu: shikamoo kwa wakubwa, habari za kutwa, habari za nyumbani, za huko mtokako, na kila jibu lina swali linalolifuata. Swali gumu kuliko yote huwa ni moja: umebeba nini? Huku baiskeli ni chombo cha kazi. Keria yake hubeba madumu ya maji, mkaa, samaki, na msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, magunia. Mtu mzima anayetoka jasho akikokota baiskeli tupu huwatia watu huruma ya kweli, na huruma huleta maji ya kunywa, kivuli cha mwembe, na sahani ya ming'oko. Msafiri anafika pwani akiwa ameeleza jina lake, idadi ya watoto wake na sababu ya kutokuwa na mzigo mara kadha wa kadha. Vipeperushi huita hilo kuifahamu jamii ya eneo husika. Mchanga hauna jina la jambo hilo, unalifanya tu.

Kuhusu umoja wa msafara, historia ya pwani hii ina shahidi. David Livingstone alishuka Mikindani mwezi Machi 1866 na kundi lililochanganyika kweli kweli: askari wa Kihindi, watu wa Nzwani, vijana waliosomeshwa Nasik, pamoja na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda. Walifuata bonde la Ruvuma kwenda bara. Kila kundi likatembea kwa mwendo wake, askari wakizidi kubaki nyuma na wanyama wakifa mmoja baada ya mwingine. Mwishowe askari wakarudishwa, na watu wa Nzwani wakamtoroka na kupeleka Unguja habari kwamba bwana ameuawa, naye yu hai. Sidai kwamba mchanga ungeliokoa kundi hilo. Ninachosema ni kwamba msafara huvunjika pale mwenye nguvu anapopata nafasi ya kumwacha mwenzake, na kwenye mchanga mzito nafasi hiyo haipo. Hata gari la kuokota waliochoka linakwama, mara nyingi kabla ya baiskeli, na hapo waliolipia kubebwa hushuka wakalisukuma. Ukitaka kujua kama watu kumi na watano wamekuwa kundi, wape Land Cruiser iliyozama hadi ekseli.

Wapo watakaosema: kuna lami, twendeni huko. Haya, msafara wa Tour d'Afrique, unaotoka Cairo hadi Cape Town tangu mwaka 2003, kwa kawaida hupita Arusha, Dodoma, Iringa na Mbeya, kwa wastani wa zaidi ya kilomita mia kwa siku ya kuendesha. Ni kazi ya kiume na ya kike, nao wana heshima yao. Lakini mtu wa kilomita mia kwa siku anakumbuka kilomita. Na anayedhani mchanga ni wa kukatisha tamaa tu hajauliza wavuvi. Mchanga huohuo ukilowa hushikana. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ufuo hubaki mpana na mgumu, na baiskeli hupita juu yake kwa raha hadi maji yaanze kujaa. Kiongozi aliyesoma ramani peke yake atawafikisha watu pale saa mbaya na kuwakokotesha juani. Aliyeuliza pwani atasubiri saa mbili chini ya mkorosho. Kwa hiyo mchanga unamlazimisha hata kiongozi naye aongozwe. Eneo lenyewe, pamoja na mikoko na miamba ya matumbawe, limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, kwa hiyo kuna vibali na ada pia. Hayo ni ya mezani, tuyaache.

Pingamizi la usalama halina mzaha. Tangu Oktoba 2017 kuna vita Cabo Delgado, ng'ambo ya mto; Oktoba 2020 wavamizi walivuka wakashambulia kijiji cha Kitaya upande wa Tanzania, na Machi 2021 mji wa Palma ukavamiwa. Anayepanga safari aulize kwanza wilayani na polisi, na akikatazwa asiende.

Linalobaki ndilo zito. Mama mwenye uchungu anayekimbizwa Hospitali ya Ligula hahitaji kufundishwa subira na njia. Mkulima anayepeleka korosho ghala la chama cha msingi anasomewa bei ya mnadani ambayo haina hata senti moja ya jasho la kukokota. Wakati huohuo gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, tangu 2015 husafiri kutoka Madimba hadi Dar es Salaam ndani ya bomba la inchi 36 lililozikwa ardhini, yenyewe haikokotwi. Watu wa Mtwara waliliandamania bomba hilo mwaka 2013, na waliokuwa wakikokota walijua wanachokisema. Utetezi wa mchanga hapa ni mfupi: haukuomba kuwa barabara. Ulikuwapo kabla ya gurudumu, na lawama za njia mbovu zipelekwe kwenye bajeti, si kwenye punje. Sifa zote zilizotolewa hapa ni sifa za mtu anayeweza kurudi kwao, na mwenye kuzitoa akiwasahau akina mama wa Msimbati anastahili kupewa gunia alikokote.

Kwa hiyo hukumu ni hii: njia ya zahanati na ya ghala la korosho iwekwe lami, hata kesho, vijia vya kuelekea ufukweni viachwe vilivyo. Nanyi wenye kampuni za likizo, mkija, njooni Agosti au Septemba mchanga ukiwa mkavu kabisa, msije wakati wa masika umeshikana na hauna la kujivunia. Leteni matairi mapana, punguzeni upepo, ajirini kijana wa kijijini anayejua maji kupwa na kujaa, na mlipeni sawa na yule mliyekuja naye. Kwenye bei ya safari andikeni wazi, kwa herufi kubwa, kwamba sehemu ya njia ni ya kukokota.