Jinsi ya Kutoza Bila Kuonekana Unatoza

Umekabidhiwa kitabu cha risiti na dirisha la kupokelea malipo. Hongera, lakini kazi bado. Mtu haumizwi na kiasi, anaumizwa na jina la malipo. Shilingi elfu mbili ukiiita faini utasikia matusi. Iite mchango, utapigiwa makofi.

Anza na ada. Inafaa kwa leseni, chuo na chama cha wapiga picha. Katika shule ya serikali usithubutu kulitamka neno hilo: ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, na mwaka 2022 ikawa zamu ya kidato cha tano na sita. Hapo sema mchango: wa mlinzi, wa uji, wa mtihani wa majaribio. Mzazi akihoji, mweleze kwa upole kwamba mchango ni hiari, kisha mwanawe asomwe mstarini miongoni mwa ambao hawajatoa.

Tozo ni neno kavu, halifai kutembea bila jina la pili. Tarehe 15 Julai 2021 Serikali ya Tanzania ilipoanza kukata miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi, makato hayo yaliitwa tozo ya mshikamano. Wananchi wakashikamana kweli, kulalamika. Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kwa hiyo neno mshikamano litumie kwa tahadhari. Lina tabia ya kufanya kazi.

Bure nayo ina masharti yake. Iandike kwa herufi kubwa, halafu "vigezo na masharti kuzingatiwa" yasemwe redioni kwa kasi ya mtangazaji wa mpira dakika ya 90.

Ukitaka shahada ya juu, nenda kwa madalali wa nyumba wa Dar es Salaam. Dalali hatozi. Anaomba "ya usumbufu", ingawa aliyezungushwa juani kutoka Tandika hadi Kimara ni wewe. Chumba ukikikataa, hela ya kuoneshwa imekwenda. Ukikipenda, yeye anachukua kodi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba anadai ya miezi sita mkononi. Hakuna aliyekutoza, wote wamekusaidia.

Ufundi huu usiupeleke kwa ndugu. Shangazi akipiga simu kutoka kijijini akasema, "Mwanangu, tuma na ya kutolea," ameshataja makato na mlipaji wake. Huyo hana cha kujifunza kwako. Tuma.